Mkutubi Katika Mtumbwi wa Mamamkwe

Mkutubi alikuwa ameandika kitabu kizima cha historia ya mto bila kulowesha hata ukucha. Kila kitu alikitoa kwenye majalada ya maktaba. Ilibaki picha moja tu, ya nguzo za daraja la kale zilizosimama katikati ya maji, mahali pasipofika barabara. Aliyekubali kumpeleka kwa mtumbwi alikuwa mtu mmoja tu, naye ni mama mzazi wa mkewe.

Basi asubuhi hiyo alikaa mbele ya mamamkwe wake, magoti yamebanana, koti limefungwa vifungo vyote, adabu imemjaa hadi shingoni.

"Tulia, baba," alisema mama akichoma pondo majini. "Ukitaka kujikuna, jikune katikati."

Walipita matete, wakampita mamba aliyeachama kama anayesubiri daktari wa meno. Ili ajipe moyo, Mkutubi akaanza kutoa somo.

"Hapa, mama, ndipo mashua ya wanajeshi wa kikoloni ilipozamishwa. Ofisa wao aliandika kwamba walivamiwa na maadui mia mbili."

"Alikuwa kiboko."

"Samahani, mama?"

"Kiboko mmoja, jike, ana mtoto. Babu yangu ndiye alikuwa mpiga kasia wao. Aliwaambia wapite kulia, wakamwambia afunge mdomo."

"Lakini ripoti ina muhuri, mama."

"Kiboko anajua nini habari ya muhuri?"

Mkutubi akacheka kidogo, kicheko cha heshima cha mtu aliyesoma. Nguzo zilipotokea, aliona mwanga mzuri wa picha uko kushoto.

"Kushoto kuna kina," mama alionya.

"Dakika moja tu, mama." Akanyakua kasia la akiba, akayasukuma maji kwa nguvu zake zote, mtumbwi ukageuka.

Maji yakavimba. Yakatokea masikio mawili madogo, kisha kichwa kikubwa kama kabati la jikoni. Mtumbwi ukanyanyuka pua. Jinsi Mkutubi alivyoruka hakuwahi kuijua. Alijikuta tu amekumbatia nguzo, kiatu kimoja hana, daftari linakwenda na mkondo.

"Mama weee!"

"Nipo, baba," alijibu mamamkwe, ambaye tayari alikuwa amejivuta pembeni kwenye matete, ameketi na pondo lake magotini.

Mkutubi alikaa juu ya nguzo mpaka jua likamchoma utosi. Kiboko alipochoka naye na kuondoka, mama alisogeza mtumbwi.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Wengi, mama! Walikuwa kama…" Mkutubi akajiuma ulimi. Akayatazama maji, uso ukamwiva kwa aibu.

Mama alimpa bega, na mkwe mwenye adabu zake akateremka kwa kumkanyaga mamamkwe begani, kisha mgongoni, akiomba radhi kila hatua.

Nyumbani mkewe alicheka hadi akakaa chini. Jumamosi iliyofuata Mkutubi alikuwa jikoni kwa mamamkwe, daftari jipya mapajani, sura ya tatu, ile ya mashua ya wanajeshi, ameichana yote.

"Nianze na ofisa, mama?"

"Anza na babu," alisema mama, akimsogezea kigoda. "Huyo ofisa ataingia akishalowa."