Bakuli la Konsolata

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Julai ndiyo siku iliyoniharibia maisha, na Ijumaa iliyopita, nilipojilaza kwenye mkeka baada ya kula mchana, nikaiota. Nitaeleza yote mawili, la kweli kwanza, asije akatokea mtu wa kusema nimechanganya.

La kweli ni hili. Mke wangu Konsolata alianguka kwenye foleni ya wageni nje ya gereza la mkoa, saa sita mchana, akiwa ameshika bakuli la ugali na maharage la mtoto wetu Severini. Alikuwa amesimama tangu saa mbili. Kivuli kilikuwepo pale, kizuri tu, cha bati, lakini chini yake waliweka gari la mkubwa lisiungue. Gari halikuungua. Konsolata alifika hospitali ameshakata roho, nikawa mgane.

Severini ni mahabusu, yaani hajafungwa, anasubiri kesi tu, mwezi wa tisa huu. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbolea la chama cha wakulima. Mbolea ikaondoka. Wenye funguo wako kwao wanakunywa chai. Mwenye filimbi na rungu ndiye aliyekamatwa. Nilipoomba aruhusiwe kuja kumzika mama yake, getini wakataka barua ya mtendaji wa kata. Mtendaji alikuwa semina. Aliporudi akaandika, nikaikimbiza, wakaigonga muhuri, halafu wakaniambia nimechelewa. Ni kweli, tulikuwa tumeshazika juzi yake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mimi na bakuli. Kijana akauliza kupitia kwenye wavu, "Baba, mama mbona hajaja?" Nikasema miguu imevimba. Jumamosi sita nimesema miguu imevimba. Nilijiambia kwamba waliomnyima mazishi ndio wamwambie. Hawakumwambia.

Sasa ndoto.

Niko getini. Kwenye foleni niko peke yangu, lakini mimi ni mtu wa arobaini na moja. Nasubiri. Watu arobaini ambao hawapo wanahudumiwa mmoja mmoja, wengine wanagombana.

Zamu yangu inafika. Mezani hajakaa askari, amekaa Daftari la wageni mwenyewe, amevaa kofia, kurasa zimejikunja pembeni kama masikio ya mbwa.

"Jina."

Nikataja.

"Unamwona nani?"

"Severini, mwanangu."

"Umeleta nini?"

Nikafungua bakuli. Ni lile la Konsolata, la bluu, lenye mfuniko uliopasuka. Ndani hamna ugali. Ndani mna habari ya kifo chake. Imekaa katikati kama donge, nyeupe, imefunikwa kwa jani la mgomba.

"Ni habari," nikasema. "Ya msiba."

Daftari akainusa. "Ya moto?"

"Imepoa. Iko kwenye wiki ya saba."

"Onja."

Wanaojua gereza wanaelewa. Pale ukileta chakula lazima uonje mbele ya askari, wajue hukuleta sumu. Konsolata alikuwa akionja kila Jumamosi, na alikuwa akirudi nyumbani analalamika kwamba wanamwonjesha hata maji. Nikachovya kidole, nikalamba.

"Umelamba," akasema Daftari. "Sheria haijasema kulamba. Kata tonge, tafuna, umeze, ufungue mdomo nione."

Nikakata tonge. Nikalitia mdomoni. Halishuki. Likakaa pale shavuni kama meno ya bandia ya mtu mwingine.

"Wewe mwenyewe huwezi kumeza," akasema, "unamletea mtoto wa watu?"

"Ni mtoto wangu."

"Basi ndiyo vibaya zaidi. Kaa kwenye benchi."

Nikageuka kutafuta benchi, nikajikuta niko kwenye varanda ya mahakama. Benchi ni refu, na waliokalia ni wanaume kumi na wanne, wamevaa mashati ya aina moja, wamebana magoti. Mwishoni amekaa mtu mmoja aliyefungwa bandeji, hana mguu wa kushoto wala masikio.

"Karibu, mzee," akasema huyo. "Mimi ndiye Upelelezi wa kesi ya kijana wako. Samahani, bado sijakamilika."

"Naona. Umebakiza nini?"

"Mguu mmoja na masikio. Yaliagizwa mkoani."

"Si hapa ndipo mkoani?"

"Ndiyo maana yanachelewa. Yangetoka mbali yangekuwa yameshafika."

Ndani mtu akapiga meza. Sauti ikasema kesi imeahirishwa siku kumi na nne. Wale wanaume kumi na wanne wakasimama, wakaingia mlangoni mmoja mmoja, wakatokea mlango wa nyuma, wakarudi kukaa walipokuwa. Hakuna aliyeonekana kuchoka.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Si ndizo siku zenyewe," akasema Upelelezi. "Ni hizo hizo tu, hakuna nyingine. Mnadhani kila mara mnapewa mpya?"

Mmoja wao, aliyekuwa karibu yangu, akanigusa bega. Alikuwa na uso wa kawaida, kama wa fundi cherehani.

"Mzee, mimi ni Jumamosi," akasema. "Tunafahamiana."

"Sikukumbuki."

"Unanikumbuka. Umesema uongo mbele yangu mara sita. Kesho ni zamu yangu tena, na shati nimelifua. Naomba usinichafue."

"Aseme serikali," nikamwambia. "Waliomzuia wapo. Wana ofisi, wana simu, wana gari lenye kivuli chake. Kwa nini niseme mimi?"

Jumamosi akawaza. Siku nyingine nazo zikawaza, kwa heshima.

"Kwa sababu bakuli liko kwako," akasema.

Nikataka kumjibu jambo kali, lakini nilikuwa na tonge mdomoni, na ukiwa na kitu mdomoni huwezi kutukana vizuri. Nikatafuna. Nilitegemea liwe chungu. Halikuwa chungu. Lilikuwa kama ugali ninaoupika mimi, wenye madonge, unga mbichi katikati. Nikameza, nikafungua mdomo.

"Konsolata amekufa," nikasema.

Sikuwa nimewahi kulitamka. Kule msibani nilikuwa nasema "yametufika".

"Andika, ameonja," akasema Upelelezi, lakini hakukuwa na wa kuandika. Benchi likaanza kutembea. Kumbe lilikuwa ndani ya karandinga, lile gari la kubebea mahabusu, na siku kumi na nne zote zinayumba pamoja kwenye kona bila kulalamika.

Likasimama kwenye wavu.

Severini amesimama upande wa pili, amevaa shati alilokamatwa nalo. Pembeni yetu zimesimama dakika zetu tano, wanawake wafupi, tayari mmoja anavaa kandambili aondoke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea."

Sikusema miguu imevimba. Nilipitisha bakuli kwenye tundu la wavu lisilopita hata kidole, likapita. Akafunua jani, akaangalia, akala. Akala yote. Akapangusa bakuli kwa kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni, mama yake akimwambia acha, utatoboa sahani.

"Mazishi lini?" akauliza.

"Yalishapita. Nisamehe. Barua ilichelewa."

Daftari akatokea nyuma yangu anahema, kurasa zinapepea. "Hayajapita," akasema. "Nina nakala. Barua imegongwa muhuri, na kitu kikishagongwa muhuri hapa hakipiti mpaka kitekelezwe. Mazishi ni leo. Watu wako makaburini wanakusubiri wewe, kijana, wameshika majembe wanachoka."

Dakika ya pili nayo ikaondoka, bila kuaga.

"Basi mfungulieni," nikasema.

"Mimi sina neno. Muulize Hesabu."

Hesabu alikuwa mama mnene amekaa katikati ya ua kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mahabusu wamechuchumaa mbele yake watano watano, naye anapita kwa macho akigusa vichwa kwa fimbo ya mwanzi. Alipofika mwisho akafuta jasho.

"Mia nne na kumi na wawili," akasema. "Nimetimia. Nyie mnataka nini?"

Nikaeleza.

"Akitoka mmoja sitimii," akasema. "Nisipotimia nalia. Nikilia wanafunga kila mlango, hata wa jikoni, na hao wote hawali. Mimi sina ubaya na mama wa mtu. Niwekee kichwa."

"Kichwa kipi?"

"Chochote, ilimradi kinapumua. Mimi sisomi majina."

Nikaangalia huku na huku. Dakika zilikuwa zimebaki mbili, nazo zinachungulia saa. Nikachuchumaa kwenye mstari. Magoti yakalia.

"Una kosa gani, mzee?" akauliza Hesabu.

"Sina."

"Vizuri. Na huyu hana. Nafasi inakuenea kabisa."

Severini akanitazama kutoka juu. Ilikuwa mara ya kwanza namwona bila wavu tangu akamatwe. Alitaka kusema kitu.

"Nenda," nikamwambia. "Upande wa ile miti ya mapodo, karibu na kaburi la bibi yako. Ukifika mwambie mama yako nilikuwa..." Sikujua nilikuwa nini. "Mwambie nilizuiwa."

"Na wewe, baba? Nani alikuzuia kuja naye siku ile kwenye foleni?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Akaondoka. Geti likamfungukia bila kuulizwa, kama la kwake, naye akatembea akiwa peku mpaka vumbi likamficha. Mimi nikaguswa kichwa kwa mwanzi. Mia nne na kumi na wawili.

Wakatuingiza ndani. Ni saa kumi jioni na jua bado kali, lakini kule wanalala mapema. Chumba kimejaa mpaka sakafu haionekani. Tumepangwa kwa ubavu, magoti ya huyu nyuma ya magoti ya yule, na anayetaka kugeuka hageuki mpaka nyapara aseme. Nyapara ni mahabusu mwenzao aliyekaa muda mrefu kuliko wote, na ndevu zake zina nyapara mdogo wa kuzisimamia.

"Wote kushoto," akasema.

Jirani yangu alikuwa mzee wa rika langu, mwembamba, ananuka sabuni ya kipande. Alinong'ona kisogoni kwangu.

"Umelala mahali pa Severini."

"Mimi ni baba yake."

"Ahaa. Mpishi."

"Mpishi gani?"

"Baba, sisi tunagawana. Miezi yote ile ugali wa kwenu ulikuwa laini, unateleza. Halafu Jumamosi moja ukaja na madonge. Kijana akakata tonge moja akaliweka chini. Akauliza, nani kapika hiki? Tukanyamaza. Unadhani tungesema nini? Akalala kama ulivyolala, uso ukutani, siku mbili."

"Jumamosi ipi?"

"Ile ya kwanza kuja wewe."

Nikahesabu. Mara sita nimemwambia miguu imevimba, na mara sita alikuwa anajua.

"Mbona alikuwa anauliza?" nikamwuliza yule mzee. "Kama anajua, kila Jumamosi anauliza ya nini?"

"Alikuwa anakupa nafasi," akasema. "Hapa nafasi ni adimu. Ukiwa nayo unampa mtu wako."

Nikataka kugeuka nimwone usoni. Huwezi kugeuka peke yako. Nikasubiri. Watu mia nne wanapumua. Nikasubiri sana, mpaka nikaelewa kwamba ubavu wa kushoto unakufa ganzi na hakuna cha kufanya, na kwamba mwanangu amekuwa hivi tangu Desemba.

"Geuza," akasema nyapara.

Tukageuka wote kwa pamoja, na mimi nikageukia kwenye mkeka wangu nyumbani.

Shemeji yangu Petronila, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. "Shemeji, ulikuwa unaota nini?" akasema. "Unaitika nipo, nipo, kama unaitwa shule. Na shule yenyewe ulikimbia la nne."

"Nilikuwa naota kazi za serikali," nikamjibu.

Kesho yake, Jumamosi, nilipika, nikaenda, nikapanga foleni, jua lile lile, gari lile lile kivulini. Askari alikuwa dada mmoja wa makamo, kofia imemkaa vibaya. Akasema onja, nikaonja, nikameza, nikafungua mdomo kabla hajaniambia. Akanishangaa.

Kwenye wavu Severini aliniamkia, nikaitikia. Nikasubiri aulize mama mbona hajaja. Hakuuliza. Watu pembeni wanapiga kelele za majina ya watoto na ng'ombe, na sisi tunatazamana.

"Severini," nikasema. "Mama yako amekufa. Tarehe kumi na tatu Julai. Alikuwa anakuletea chakula. Nilitakiwa kwenda naye, sikwenda, nilikuwa na hasira na wewe kwa kukubali ile kazi ya ulinzi. Nimekuficha. Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, macho yamejaa lakini hayamwagiki.

"Sawa, baba," akasema. "Ila msalaba umeinamia barabarani. Chimbeni kidogo upande wa mapodo, muweke jiwe."

Muda ukaisha, wakawaondoa.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja makaburini. Mara ya mwisho nilifika pale siku ya arobaini, na msalaba ulikuwa wima, niliushika mwenyewe. Sasa umeinamia barabarani. Petronila anaapa hajaenda, hakuna aliyekwenda, na hakuna ndugu yetu mwingine aliyekanyaga gerezani.

Nimechimba upande wa mapodo, nimeweka jiwe. Halafu Jumatatu nimerudi getini, siku isiyo ya wageni, nikamkuta yule dada askari. Nikamwamkia vizuri, nikamwuliza swali moja tu. Akafungua daftari, akaangalia ukurasa mmoja kwa muda mrefu, akalifunga, akaniambia njoo kesho. Nimekwenda kesho, nimekwenda keshokutwa, nimeandikiwa hata barua na mtendaji. Ninachouliza ni hiki: Ijumaa ile jioni, mlipohesabu watu mkatimia, yule mzee aliyechuchumaa mstari wa mwisho mlimwandika jina gani?