Mikono Juu ya Mgongo Wangu

Sikuwa na pepo. Naanzia hapo, maana Minago nzima, hapa Burundi, imesikia vingine, na waliovisema hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba radhi.

Nilikuwa na mgongo. Kwa miaka sita nimesukuma mti wa mashine ya kukamua mawese kwa Silvano, wanawake wanne tukizunguka tangu asubuhi. Mwaka huu kiuno kikagoma. Silvano akaniambia nikiendelea kusimama katikati ya kazi, nafasi yangu anampa mwingine. Mimi nimetoka Uvira na watoto wawili. Shamba sina, mtumbwi sina, nina ule mti tu.

Kwenye zahanati kuna kine, mtaalamu wa viungo, anaitwa Nadia. Hakunipa hata kidonge. Alisema mgongo wangu unabeba kazi yote peke yake kwa sababu misuli ya tumbo imelala. Akanionyesha zoezi la ubao: unalala kifudifudi, unajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unanyooka kuanzia kisigino hadi kichwa. Kiuno kisishuke, pumzi isizuiwe. Nilitoka pale nimenuna. Nimetembea njia yote ile kwenda kufundishwa kulala.

Lakini nilifanya, kila asubuhi, uani, kwa sababu chumba chetu kimejaa kitanda na masufuria. Siku ya kwanza nilihesabu hadi saba nikaanguka. Wiki ya tatu nilifika arobaini. Mabega yaliwaka, jasho lilidondoka, tumbo lilikaza, na kiuno kikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu kilipogoma. Nikawa nazunguka na wenzangu hadi jioni bila kusimama.

Ndipo Mama Eliana akaniona. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, kiongozi wa kikundi cha maombi. Kanisani kwetu mwenye shida nzito hulala kifudifudi sakafuni, na wenzake humwekea mikono mpaka atulie. Sasa yeye alikuta nimelala kifudifudi hewani, natetemeka, napuliza pumzi. Hakuuliza kitu, aliita wenzake. Wanawake watano wakanibandika viganja mgongoni, wakisukuma na kukemea. Nikasema ni zoezi. Wakasema pepo anajitetea. Wakasukuma zaidi, nikaangukia kifua.

Siku nne sikuweza kujifunga kitenge mwenyewe.

Habari ilimfikia Silvano kabla sijapata nafuu. Nilipokwenda mashineni nikakuta mwanamke mwingine ameshika sehemu yangu ya mti. Silvano alisema hakuna atakayenunua mawese yaliyoguswa na mtu mwenye pepo.

"Mama Eliana akisema umepona, unarudi," akasema. "Asiposema, basi. Mimi niko na bakiriya, batu ba kununua, Mama Aksanti, na bakiriya banaogopa."

Yaani aliyeniangusha ndiye anipe cheti cha uzima. Nadia alinipima, akasema hakuna kilichovunjika, nianze upya na sekunde tano. Nikaanza upya, safari hii mlango nimeufunga na miguu iko chini ya kitanda.

Wiki sita baadaye, Jumapili, Mama Eliana akaniita mbele nitoe ushuhuda. Alitaka niseme mikono yao imeniponya. Nikawaambia watu wahesabu, nikatandika kitenge, nikashuka kwa viwiko mbele ya madhabahu. Wanakwaya wakaanza kuhesabu. Kwenye ishirini nikaona miguu ya Mama Eliana inasogea.

"Ukinigusa," nikasema, "tutapigana hapa hapa kanisani."

Miguu ikarudi nyuma. Walipofika tisini niliinuka, nikamtazama Silvano kwenye benchi la pili. Mama Eliana akashika kipaza sauti.

"Dada yetu ni mzima," akasema. "Bwana amejibu maombi yetu."

Maombi yao. Nilitamani kumpokonya kile kipaza sauti. Jumatatu nilirudi kwenye mti, nikausukuma kwa hasira mpaka wenzangu wakaniomba nipunguze mwendo.

Jumanne asubuhi nilimkuta Mama Eliana uani, ametandika kitenge chake mbele ya mlango wangu. Alisema, bila kunitazama, kwamba mgongo unamsumbua tangu alipokuwa akibeba maji kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Hajawahi kumwambia mtu, maana nani atataka kuombewa na asiyepona mwenyewe? Radhi hakuniomba.

Nikamwambia alale kifudifudi. Akajiinua kwa viwiko. Mikono ikatetemeka, akapuliza pumzi, kiuno kikaanza kushuka. Nikaweka kiganja changu mgongoni mwake. Hasira ya siku zile nne yote ilikuja mkononi, na kusukuma kidogo tu kungetosha. Alijua. Nilisikia mgongo wake ukisubiri.

Nikauondoa mkono.

"Inua kiuno," nikamwambia. "Hesabu."

Alifika saba.