Springi Fupi za Mzee Huseni

Mtaa mzima wa Buyenzi ulikuwa ukilalamikia uhaba wa esansi, yaani petroli, isipokuwa Mzee Huseni. Yeye ulimfaa. Kila aliyemuuliza mbona pikapu yake imelala uani alijibiwa, "Esansi haiko," na mazungumzo yakaishia hapo, maana nani angebisha?

Angebisha Assia, binti yake, lakini alijizuia. Assia ni fundi magari, karakana yake iko ubavuni mwa nyumba ya baba yake. Asubuhi moja alimwona mzee amefungua mlango wa pikapu, ameshika usukani, ameinua mguu wa kulia apande. Nyonga ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma tena. Mzee akatazama huku na huku, kisha akaanza kufuta kioo kwa leso, eti hicho ndicho kilichomleta.

Moyo ulimuuma Assia. Mtu aliyemfundisha kushika spana, leo anamficha nyonga! Lakini umwambie Huseni, "Baba, nikushike mkono"? Bora umtukane.

Wiki hiyohiyo mzee akatangaza kwamba anauza gari, eti kwa sababu esansi haiko. Mnunuzi, bwana mmoja aitwaye Hugues, angekuja Jumamosi kutoka Mutanga Sud. Assia akaona kwamba akizembea, haitapotea pikapu peke yake. Baba yake naye atabaki uani na kuku, akizeeka kwa haraka.

"Baba, resori za mbele zimechoka," akamwambia. "Niachie nizibadilishe. We utauza gari yenye kuyumba, watu waseme imetoka kwa fundi?"

"Apana, hiyo ni aibu," mzee akakubali. "Fanya."

Ulikuwa uongo mtupu. Springi, ndizo hizo resori, zilikuwa nzima kabisa. Assia alitaka fupi. Alichukua kamba akapima kimo cha kiti cha uani ambacho baba yake hukikalia bila kuguna, kisha akapima kimo cha kiti cha pikapu, akazunguka kwa wauza vipuri mpaka akapata springi za kuishusha pua kiasi cha vidole vinne. Karimu, fundi mwenzake, alimshauri azikate tu zile za zamani.

"Kata za gari ya baba yako," Assia akamjibu. "Za wangu apana."

Akapiga jeki, akatoa magurudumu, akafungua mkono wa chini unaobeba springi kila upande na kuushusha polepole, kwa sababu springi iliyobanwa haina utani. Ikiruka inavunja taya. Akaweka zile fupi, akakaza kila kitu, akarudisha magurudumu na kuyanyoosha. Pikapu ilipotua, pua ilikuwa imeinama na mkia uko juu.

"Assia, gari imesujudu?" Karimu akauliza. "Hata kibla haiko huko!"

Jumamosi Hugues akaja, na mkononi alikuwa na kidumu. Alikuwa amesikia esansi haiko, basi akaja na yake. Akaimimina yote kwenye tangi, akajifuta mikono. "Mzee, washa, tuzunguke kidogo."

Uso wa Mzee Huseni ulimshuka. Akafungua mlango. Akashika usukani, akainua mguu, akafumba macho.

Akakaa.

Akafumbua macho. Akatazama chini, akatazama pua ya gari, akamtazama Assia aliyekuwa akisugua spana iliyo safi tayari. Akawasha, akamchukua Hugues mpaka mtaa wa Nyakabiga na kurudi, akashuka mwenyewe.

"Nimeipenda," Hugues akasema. "Tuongee bei."

"Haiuzwi."

"Lakini mzee, si ulisema esansi..."

Assia aliinamisha kichwa, akingoja kugombezwa mbele ya karakana nzima.

"Esansi nilikuwa nadanganya," baba yake akasema, tena kwa sauti ya kufika barabarani. "Ni nyonga. Mi nilikuwa siwezi tena kupanda. Huyu mutoto ameona, akanyamaza, akaishusha gari. Hakuniaibisha hata kidogo."

Assia akalia, tena kwa kwikwi, spana mkononi. Hugues akamtazama, akakitazama kidumu chake kitupu, akaangua kicheko.

"Na mimi nitarudi kwangu na nini?"

"Nitakupeleka mi mwenyewe, esansi si ni yako?" Mzee Huseni alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani. "Assia, na we panda. Lakini futa mikono kwanza, utanichafulia gari."