Viti Visivyofikiwa na Atropini

Unapita pale kila siku. Ukifika usawa wa ghala la ushirika wa zamani unafunga dirisha la gari, unageuza shingo upande wa kanisa, na harufu ile ya vitunguu saumu vilivyooza unasema ni mbolea. Si mbolea, na unajua. Mwaka wa tisini na nne ulibeba jeneza la Tsonka. Mwaka wa elfu mbili na tatu ulikula ngano ya kuchemsha kwenye msiba wa Mitko mwenye nyuki. Mara zote mbili cheti cha kifo kiliandikwa moyo. Kijiji chetu kizima cha Suhi Brod kina mioyo mibovu, na yote inasimama mwezi uleule wa kunyunyizia viazi.

Mimi nakumbuka. Hukupenda nilipokumbuka wakati ule, na leo hutapenda.

Jirani yangu Spas, mpiga plasta mstaafu, alikuwa na matuta kumi na manne ya viazi, na wadudu wenye mistari walikuwa wameshakula nusu ya majani. Jumatatu, siku tatu kabla ya sikukuu ya Kupaa, aliingiza mkono kwenye tundu la ukuta wa nyuma wa ghala, akajaza chupa ya soda dawa ya wadudu kutoka kwenye pipa lenye kutu. Wote mnafanya hivyo. Mnasema ya zamani ndiyo dawa, siku hizi madukani wanauza maji. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniletea bomba lake la kunyunyizia, lile la mgongoni, nimbadilishie mpira wa koki. Nilibadilisha. Sikumuuliza anatia nini ndani, na kifuniko sikukitazama. Koki ilishika, kifuniko kilivuja, na sumu ikamchuruzika mgongoni saa mbili nzima.

Mkewe, Velika, aliniita kwa yowe juu ya ua. Nilimkuta Spas ameegemea ukuta wa jiko la nje, mate yanamtoka, machozi yanamtoka, amelowa jasho, amejichafua, na mboni za macho zimekuwa vitone vya kalamu. Misuli ya mapaja ilichezacheza chini ya ngozi kama ya farasi anayefukuza nzi. Na Velika alikuwa ameshamkanda mgongo mzima kwa rakia, kama tunavyomkanda kila mgonjwa hapa tangu tumezaliwa. Pombe ikaishika mkono sumu na kuikaribisha ndani.

Zdravka, muuguzi wa zahanati, alifika kwa baiskeli. Alichana shati, akatuamuru sabuni na maji mengi, akachoma sindano ya atropini, akasikiliza kifua, akachoma tena. Mapafu yalikuwa yanatokota kama sufuria. Alikuwa na vichupa vinne tu. Vilipokwisha nikakimbia kwa daktari wa mifugo, mzee Ruscho, naye akaja na chupa kubwa ya atropini ya kondoo mkononi, viatu vya ndani mguuni. Kati ya sindano na sindano Zdravka alinieleza kinachotokea, na kilichonipita nimekisoma mwenyewe baadaye kwenye vitabu vilivyotupwa nje shule ilipofungwa.

Neva haigusi msuli. Kati yao kuna ufa mwembamba, na neva ikitaka jambo inarusha mjumbe ng'ambo, jina lake asetilikolini, naye anakwenda kukaa kwenye kipokezi, kiti kilichotengenezwa kwa umbo lake. Akikaa, mate yanatoka, utumbo unasokota, mkono unainuka. Hapohapo kinakuja kimeng'enya, kinamkatakata mjumbe, kiti kinabaki wazi. Sumu ya ghalani inakifunga mikono hicho kimeng'enya. Wajumbe wanajaa, hakuna wa kuwaondoa, na mtu anazama katika maji yake mwenyewe akiwa nchi kavu. Atropini haifungui mikono hiyo. Inawahi kukalia viti ili mjumbe asikae. Lakini viti ni vya aina mbili. Vya tezi, vya mapafu, vya utumbo na moyo, hivyo atropini inavikalia. Vya misuli inayobeba mwili, ya shingo na ya kuvuta pumzi, haivifikii hata ukimwaga ndoo. Dawa ya kufungua mikono iko mjini, nayo inataka kuwahiwa.

Kufikia jioni mapafu yalikauka. Ndipo Spas akaanza kuona watu. Atropini nyingi hupanda kichwani, Zdravka alikuwa ameshatuonya. Mboni sasa zilikuwa pana, uso mwekundu mkavu, vidole vinachuma hewani nyuzi tusizoziona. Ila huku kwetu tangu Alhamisi Kuu wafu wako nje ya makaburi, na siku ya Kupaa ndiyo wanarudi, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Alitazama mlangoni, akasema taratibu, "Tsonka, mbona umesimama? Ingia, nafasi ipo." Akasikiliza. "Na Mitko naye? Pipa lilelile?"

Aliita majina saba. Matano nilikuwa nayo kwenye daftari ninaloandika waliokufa hivi. Mawili sikuwa nayo, na nilipomgeukia mzee Ruscho aniambie ni akina nani, nikaona ameinamisha macho. Moja lilikuwa la dada yake Ruscho mwenyewe. Hakuna aliyemwambia Spas anyamaze.

Gari la wagonjwa likamchukua. Jumatano alikuwa amekaa kitandani hospitalini anamchokoza mkewe kuhusu supu. Alhamisi ni Kupaa, Spasovden, siku ya jina lake, na siku ya jina hualiki mtu: watu wanakuja wenyewe, na wakikuta mlango umefungwa wanajua mwenye nyumba amekufa au amekuwa bahili. Kaka yake Ognyan akaenda kumtoa. Daktari alikataa. Ognyan akatia saini kwamba wanaondoka kwa hiari yao. Zdravka aliwangojea getini, na mimi nilikuwa nimemshika Spas kwapani tukimteremsha garini.

"Mrudishe, kaka Ognyan," alisema. "Siku ya pili mpaka ya nne ndizo mbaya."

"Dada, mtazame. Mate hayamtoki, macho mazuri, njia nzima ananitukana kama zamani. Unataka nini tena?"

"Alale hapo kwenye benchi, aniinulie kichwa."

Spas alilala, akainua. Kichwa kilipanda vidole viwili, kidevu kikatetemeka, kikarudi chini.

"Kimejaa akili," alisema, "ndiyo maana kizito."

Tulicheka. Nami nilicheka. Velika akasema mumewe atarudi hospitali Ijumaa, wageni wakishaondoka, maana shemeji ameshachinja mwanakondoo.

Siku yenyewe tulimkalisha kwenye kiti cha mwenye siku, ukutani, mto nyuma ya mgongo. Watu walimiminika tangu asubuhi, wewe ukiwa miongoni mwao. Saa sita kidevu kikaanza kushuka, polepole, mpaka kikagusa kifua. Mmoja wenu akasema mwenye siku kalewa kabla ya wageni. Hakuwa ameonja tone. Alikuwa anatutazama kwa chini ya nyusi, macho makavu, mboni za kawaida, akili timamu, na uso hauinuki. Hakuna mate, hakuna jasho. Kila dalili tuliyofundishwa kuiogopa haikuwepo, kwa hiyo watu sitini wakaendelea kula. Niliinama nimsikie. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

"Wanaondoka," alisema. "Waambie wasinisubiri."

Kifua kilipanda kidogo, kikapanda kidogo zaidi ya hapo, kisha hakikupanda. Mimi na Zdravka tulimlaza sakafuni kati ya miguu ya meza, tukampulizia kwa zamu, mdomo kwa mdomo, dakika hamsini, tukingoja gari lililokuwa wilaya nyingine. Muda wote huo Zdravka alikuwa na vidole shingoni mwa Spas, na moyo ulipiga. Ulipiga vizuri, kwa mpangilio, kama wa kijana. Ni sisi tulioishiwa pumzi kwanza. Moyo ndio uliosimama mwisho kabisa.

Cheti kimeandikwa moyo.

Velika amekataa kukipokea. Mazishi yamepangwa kesho saa tano, na akishafukiwa hakuna atakayempima. Mwendesha mashtaka mjini anataka watu wawili zaidi yangu, walioona meza ile, waandike walichoona kwa mkono wao. Ognyan hawezi, analia juu ya ile saini yake ya kwanza. Mlikuwa sitini. Na wewe unayo chupa, bandani, nyuma ya makopo ya rangi. Nilikuona ukiijaza pale tunduni Jumamosi iliyopita. Usiifungue. Usiimwage mtaroni. Vaa glavu, iweke kwenye ndoo, uilete mlangoni kwa Zdravka. Nipo hapo na karatasi na kalamu mpaka jua litue. Weka barua hii chini, vaa viatu, uje.