Mgeni Anayenenepa Bila Kula

Kitendawili! Haya, itikieni kwa sauti, msinifanyie uvivu. Mgeni wangu hali wala hanywi, lakini kila nikimtazama amenenepa. Ni nani huyo, na amelala wapi?

Msikimbilie kusema mimba. Mimba inakula kuliko mkulima. Kupe naye anakunywa. Mkishindwa mtanipa mji, nami nitaupokea, maana nimeshapewa miji mingi na wajukuu wasiotaka kufikiri. Lakini siku nilipokitega kitendawili hiki mara ya kwanza sikutaka mji. Nilitaka jibu, na hata hilo jibu nusu yake nilikuwa nayo. Iliyobaki ndiyo iliyokuwa na roho ya mtu ndani yake: amelala wapi?

Mmemwona Kache, kitukuu changu, yule aliyepewa jina langu. Mmeliona kovu lake la moto kisiginoni, linang'aa kama ganda la kitunguu. Msimuulize yeye, hajui. Alikuwa hajaanza hata kukaa. Niulizeni mimi.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, kaskazi imekaza, na jua la Magogoni, hapa kwetu Mombasa, lilikuwa limeshuka chini kuja kukaa na sisi. Mjukuu wangu Kai, babake Kache, alikuwa mezani na laptopu yake. Kazi yake ni hiyo: anasikiliza watu wa mbali wakizungumza, anayaandika maneno yao, anayatuma. Laptopu ikizima, nyumba yote inazima.

"Bibi," akaniambia, "hii kitu inanitukana."

"Inasemaje?"

"Inasema haina betri. Na betri nimeitia kwa mikono yangu hii."

"Labda imeingia bila hodi."

Akacheka kidogo. Alikuwa ameshahangaika nayo tangu chai. Alichomoa waya wa chaji, akakibana kile kibonye cha kuwashia mpaka kidole kikamwuma, akaiwasha tena: hakuna betri. Akaigeuza kifudifudi, akafungua kwa bisibisi, akaitoa betri, akapangusa vile vimeno vyake vya shaba kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Hakuna betri. Ilikuwa inaishi kwa waya tu, na mnajua stima ya kwetu: ikikatika, laptopu nayo inakufa papo hapo, kama mtu aliyepigwa kofi.

Betri hiyo ilikuwa mpya. Ile ya kwanza, iliyokuja na laptopu, ilivimba siku ya Alhamisi. Ilivimba humo ndani mpaka herufi zikainuka juu kama meno ya mtu anayecheka vibaya. Kai akaitoa, akaizungushia gazeti, akaiweka dirishani. "Nitaitupa kesho," akasema. Kesho ya vijana mnaijua.

Na hiyo Alhamisi ndiyo siku mume wangu, Mzee Mwarandu, alipofunga kinywa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, anaitazama betri ilivyonenepa. Akakohoa, akasema, "Kai, betri ikifa haitupwi. Dawa yake ni…" Kai hakumwacha amalize. "Babu, tafadhali, hii si redio. Mambo haya tuachie sisi." Akayasema mbele ya mtu wa nje aliyekuja kututembelea.

Kwetu Wagiriama mzee hakatwi kauli. Ukimkata, hapigi kelele wala haendi kushtaki. Ananyamaza. Na kinywa kilichofungwa hivyo hakifunguliwi ila kwa kadzama: unamletea kibuyu cha pombe ya mnazi kwa mikono miwili, unakiweka miguuni pake, ndipo akwambie, "Haya, sema." Kai na mkewe Sidi wameokoka. Mnazi hawaunywi, hawaununui, hata wakipita mahali unapouzwa wanaziba pua. Kai akamletea babu yake soda. Mzee akaitazama ile soda kama mtu anayetazama kiatu cha mtoto aliyepotea. Tangu Alhamisi ilikuwa imesimama kando ya kiti chake, haijafunguliwa.

Basi Kai akampigia simu fundi, binti mmoja anaitwa Nafula, ana kibanda cha kutengeneza simu na laptopu huko Kisauni, upande wa barabara ya Malindi. Akaweka spika, sote tukasikia.

"Umejaribu kuitoa na kuirudisha?" Nafula akauliza.

"Mpaka skrubu zimenijua jina."

"Si mashine hiyo. Umeuziwa betri ya laptop ingine. Zinafanana sura, lakini mashine inaiuliza, wewe ni wa nani, na hiyo haina jibu. Chukua ile ya zamani, unisomee namba ya mgongoni, nikutafutie ndugu yake kabisa."

"Ile ya zamani ilivimba."

Kwenye spika tukasikia kitu kikimponyoka mkononi, kikaanguka. 

"Kai," Nafula akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Imevimba, na bado iko kwa nyumba? Iko wapi?"

"Dirishani."

"Dirisha la jua ama la kivuli? Skia, hiyo kitu isipate joto. Isikandamizwe, isidungwe. Ikitoboka inalipuka moto, na huo moto si wa kumwagia kikombe cha maji. Ichukue polepole, uipeleke nje kwa mchanga, mbali na watu. Enda saa hii, mimi niko hapa kwa simu."

Kai akaenda dirishani. Gazeti lilikuwepo, limekunjwa vizuri. Ndani hamna kitu.

"Sidi!" akaita. "Umeiona betri iliyokuwa hapa?"

Sidi akatoka chumbani na kidole mdomoni, maana mtoto alikuwa amelala. "Betri gani? Mimi nafagia, sihamishi vitu vya watu."

"Mmeipata?" ikauliza simu.

Hapo ndipo mgongo wangu ulipoingia baridi, na jua lote lile. Kitu kibaya ukikiona kilipo, una nguvu juu yake. Kitu kibaya kisichojulikana kilipo kinakuwa kila mahali. Nikaitazama nyumba yangu niliyoizoea, kabati, makochi, ndoo za maji, na kila kimoja kikawa kinanificha jambo.

"Kwanza mtoto," nikasema. "Mtoto atoke humu ndani. Hayo mengine baadaye."

Sidi akamnyanyua Kache bila kumwamsha. Tukampitisha mlango wa nyuma mpaka kwenye kibanda changu, pale ninapokaanga viazi asubuhi. Moto ulikuwa umekufa zamani, jivu limepoa. Kibanda hicho hakina kuta, kinapata upepo wa pande zote, na bati lake, ingawa limetobokatoboka kwa kutu, linatia kivuli. Nikatandika mkeka, tukamlaza. Miale ya jua ilipita kwenye vile vitundu ikamwangukia miguuni kama punje za mahindi. Nikamfunika leso.

"Hapa yuko salama," Sidi akasema, akashusha pumzi.

"Salama," nikaitikia. Na kunguru wawili wakatua juu ya bati, wakaanza kutembea. Ta, ta, ta. Nikapiga makofi kuwafukuza. Mmoja akaruka. Mwingine akabaki, anagonga kitu kwa mdomo, hana habari nami. Kunguru wa Mombasa hamwogopi mtu, sembuse bibi kizee. Nikamwachia bati lake, nikarudi ndani kutafuta.

Tulipekua. Kai aliingia chini ya vitanda na tochi ya simu. Sidi akamwaga nguo zote za kabati. Mimi nikatia mkono kwenye debe la mchele, maana kuna watu simu ikiingia maji huifukia mcheleni. Hamna. Nyuma ya friji, hamna. Juu ya kabati la vyombo, vumbi na mende.

"Mnasikia harufu yoyote?" Nafula akauliza. "Tamu tamu hivi, kama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha?"

Tukanusa. Ndani palinuka kitunguu na jasho letu.

"Hakuna," Kai akasema.

"Sawa. Mkiisikia, msitafute tena. Mtoke mbio."

Kai akasimama katikati ya nyumba, shati limemganda. Akageuka polepole, akamtazama babu yake. Sote tukageuka. Watu wa nyumba ile tulikuwa wanne wakubwa, na watatu tulikuwa tumeshajibu.

Mzee Mwarandu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, redio magotini, imefunguliwa mgongo.

"Babu," Kai akasema, "uliichukua wewe?"

Mzee akapuliza vumbi kwenye redio.

"Babu, nakuuliza. Iko wapi?"

Mzee akaigeuza redio, akapuliza upande wa pili.

"Babu, huu si wakati wa kununa! Hiyo kitu inaua!"

"Usimkaripie," nikamwambia. "Unaongeza kufuli juu ya kufuli."

Sidi akapiga magoti. "Babu, shikamoo. Nakuomba kwa ajili ya mke wako mdogo." Ndivyo Mzee anavyomwita Kache, kwa kuwa amebeba jina langu; kila asubuhi humtania, "Mke wangu, umenipikia nini leo?" Nikaona ukope wa Mzee umecheza. Midomo haikucheza. Akanyoosha mguu, akaisukuma ile chupa ya soda kidole kimoja kuelekea kwa Kai.

"Anataka kadzama," nikasema.

"Bibi, nitoke sasa nikatafute mnazi? Mimi? Na nyumba…"

"Nenda basi!" Sidi akamlilia mumewe. "Mungu atakusamehe, nenda!"

Kai akapiga hatua moja, akarudi. Huo mnazi ulikuwa upande wa pili wa mtaa, kwenda na kurudi, na kungoja zamu. Nje kunguru walikuwa wameongezeka, sasa wanagombana. Nikasikia kitu kizito kinajiburura juu ya bati, grrr, kikatulia. Nikakisikia, nami sikukisikia, maana macho yangu yalikuwa yameangukia kizingitini.

Pale kizingitini, penye jua, palikuwa na betri za redio ya Mzee, zile ndogo za mviringo, zimepangwa mstari. Ni kawaida yake. Zikichoka haachi zitupwe. Anazianika mpaka zipate moto, anazing'ata matakoni, anazirudisha, na redio inaimba siku mbili tatu zaidi. Miaka yote nimeziruka nikipita, kama unavyoruka paka. Siku hiyo ndiyo nilipozitazama, na nikasikia masikioni mwangu yale maneno ya Alhamisi yaliyokatwa. *Betri ikifa haitupwi. Dawa yake ni…*

Ee Mungu wangu.

Nikajua ni nani. Nikajua amefanya nini. Sikujua wapi. Jua lilikuwa kila mahali.

Sikumwuliza. Ningemwuliza angenyamaza, kwa sababu swali ni maneno, na maneno aliyafunga. Lakini mimi na Mwarandu tulioana kwa vitendawili. Aliponiposa nilimtegea mpaka jogoo wakawika, na hakunipa mji hata mmoja. Mchezo si maneno. Mchezo hauna kadzama.

Nikakaa chini mbele yake, magoti yakilia. Nikamshika mkono.

"Kitendawili," nikasema.

Kai akafungua kinywa, nikamnyamazisha kwa jicho. Mzee akanitazama. Akaitazama redio. Upepo ukaingia kwa mlango wa nyuma, na pamoja nao harufu nyembamba, tamu, kama ya ndizi iliyopitiliza kuiva. Sidi akaishika shingo yake.

"Kitendawili, Mwarandu."

Pembe ya mdomo wake ikapanda.

"Tega," akasema. Sauti ilikuwa na kutu ya siku zote zile.

"Mgeni wangu hali wala hanywi, lakini kila nikimtazama amenenepa. Ni nani huyo, na amelala wapi?"

Akacheka. Wallahi, alicheka, bila haraka, kama mtu aliyepewa kipande chepesi. "Hicho nacho ni cha watoto wa chekechea," akasema. "Huyo ni betri ya mjukuu wako. Ilikuwa imekufa. Nilitaka kumwambia dawa yake, akanikata."

"Hiyo ni nusu, mume wangu. Amelala wapi?"

"Subiri. Kwanza akubali kwamba…"

"Amelala wapi, Mwarandu?"

Akaniangalia machoni, na nadhani hapo ndipo aliposikia jinsi nilivyoubana mkono wake. Kicheko kikamtoka usoni. Akanyoosha kidole, akapita bega langu, akapita Kai na Sidi, mpaka mlango wa nyuma.

"Juu ya bati la kibanda," akasema, "hapo panapochoma zaidi. Nimeikandamiza kwa jiwe, kunguru wasiichukue."