Dalali Aliyenyamaza Mwaloni

Jumanne, tarehe 28 Januari 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mvua ya rasharasha ikidondoka bila haraka na ziwa likiwa na rangi ya majivu, Aruna dalali alisimama mwaloni Rumonge, ufukweni samaki wanaposhushwa na kunadiwa, amejifunika koti la sufu, akanyamaza.

Angekuwa mtu mwingine, kunyamaza kungehesabiwa adabu. Kwa dalali wa ndagala, dagaa wa ziwa lile, ni hukumu. Sheria ya mwalo ule ni kongwe kuliko boti zake: dalali akinyamaza, mali imeuzwa kwa aliyetaja bei ya mwisho. Na aliyeitaja asubuhi hiyo ni Maneno, mchuuzi wa Minago mwenye ulimi usiolala, ambaye alikuwa ametupa bei ya mzaha ili watu wachangamke.

"Imekwisha!" Maneno akapiga kofi. "Mabeseni yote ni yangu. Murakoze sana, Mzee Aruna!"

Aruna akafumbua macho. Alikuwa amesinzia wima kama korongo. Alipotaka kupinga, koo lilitoa mkwaruzo tu, kama kasia linaloburutwa juu ya changarawe.

Zainabu, mwenye boti, hakupiga kelele. Alikunja mwavuli wake taratibu, jambo lililotisha zaidi.

"Kaka Aruna, baba yako ndiye aliyemnadia baba yangu. Heshima hiyo nimeimaliza leo, haijabaki nyingine. Giza la mwezi litakalofuata Idi, kama sauti haijarudi, Maneno ndiye atakayeninadia."

"Yeye ni mchuuzi!" Aruna alikwaruza.

"Angalau yeye yuko macho."

Ugonjwa huo ulikuwa na jina. Daktari wa Bujumbura alikwisha kumweleza kwamba tezi ya shingoni mwake imelegea kazini, nayo ndiyo inayomletea baridi, usingizi na mkwaruzo. Dawa yake ni kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, maisha yote. Kidonge kilifanya kazi, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kwa maana mtu akipona huanza kujiuliza kama aliumwa kweli. Tena maneno yale, "maisha yote", yalimchoma Aruna, mtu ambaye tangu ujana hakuwahi kukubali bei ya kwanza.

Ndipo akaenda kwa Leonsi kutafuta bei nafuu.

Leonsi alikuwa amefungua Kituo cha Tiba Unganishi katika chumba kilekile alimokuwa akiuza makava ya simu. Ubaoni ilichorwa shingo ndefu, upande mmoja majani, upande wa pili mipira ya daktari ya kusikilizia kifua. Mwenyewe alivaa koti jeupe, tasbihi mkono huu na rozari mkono ule, asije akampoteza mgonjwa wa upande wowote.

"Sisi hatugombani na hospitali, Mzee," alisema. "Tunaiheshimu. Ndiyo sababu kidonge chako tutakipumzisha. Kimefanya kazi sana, maskini."

Basi kidonge kikapumzishwa. Badala yake Aruna alikandwa shingo kwa mawese, akafukizwa, akachomwa sindano zisizo na dawa, akafungwa kwenye mashine iliyowaka taa ya kijani, akafundishwa kuvuta pumzi akielekea milima ya Kongo, na akapewa chupa ya maji meusi ya mizizi. Leonsi aliunganisha kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kikitibu.

Hata sauti ilipoanza kukwaruza tena, Leonsi hakutaka ujira. "Sauti yako ikirudi, uninadi mwaloni asubuhi moja, mbele za watu. Hilo tu."

Aruna akampa mkono wa kulia. Ahadi.

Asubuhi ile ya fedheha alikwenda kituoni moja kwa moja, maji yakimchuruzika.

"Umenyamaza katikati ya mnada?" Leonsi alishangilia. "Hongera! Ugonjwa unatokea mlango ulioingilia."

"Na ndagala wa watu?"

"Ndagala nao wana mlango wao, Mzee."

Nyumbani, mkewe Shadia alimsikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akaketi.

"Baba Jamila, ulikuwa na mpishi mmoja anayekushibisha. Umeleta wapishi sita, wote hodari wa kukoroga, ukamfukuza yule mmoja. Leo unauliza mbona una njaa? Vaa viatu, twende hospitali. Mawese usiache, unang'aa vizuri."

Daktari hakumcheka. Alimtoa damu, akatazama majibu, akamwandikia kidonge upya. Kuhusu kuvuta pumzi kando ya ziwa, alisema aendelee tu kama kunamfurahisha. Pumzi haigombani na kidonge. Mizizi aiache, kwa kuwa hakuna aliyejua imo nini.

Mfungo ukapita, Idi ikapita. Koti la sufu likarudi sandukuni. Giza la mwezi lilipofika na boti kurudi kuvua ndagala, Aruna alinadi boti ya kwanza ya Zainabu kwa sauti iliyowaamsha bata. Zainabu alitikisa kichwa kukubali, akakaa juu ya ndoo yake.

Hapo ndipo Leonsi akajitokeza na koti lake jeupe, simu mkononi tayari kurekodi.

"Amahoro, ndugu zangu! Mnaisikia sauti hiyo? Mzee Aruna, deni ni deni."

"Ni deni kweli," Aruna alisema. "Nami sijavunja ahadi yangu hata siku moja."

Akapanda juu ya kreti, akaitoa ile chupa ya maji meusi, ikiwa bado nusu.

"Watu wa mwalo! Nawanadia kazi ya Leonsi! Nilipoitumia bila kidonge, nililala wima mbele yenu, nikapoteza ndagala wa boti nzima! Niliporudia kidonge, nikapata sauti hii mnayoisikia! Ndiyo habari yake yote, sikupunguza wala sikuongeza. Chupa hii hapa. Nani anaanza?"

Macho yote yakamgeukia Maneno.

"Mzee, mimi sitaji, hata kwa mzaha!" Maneno akaficha mikono kwapani. "Ukinyamaza itabaki kwangu!"

Watu wakaangua kicheko. Leonsi akaizima simu. Aruna alingoja, akarudia mwito kwa haki, akanyamaza. Na sheria ya mwalo ina upande wa pili: mali isiyopata bei humrudia mwenyewe. Alishuka, akamwekea Leonsi chupa mikononi.

"Nimekunadi mbele za watu, kwa sauti yangu yote. Deni lako nimelilipa."

Akampa kisogo, akayaendea mabeseni ya Zainabu.