Mwanga wa Bluu Machoni mwa Kavuo

Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023. Ukungu ulikuwa umefunika Butembo, na mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kwenye mabati. Nilipanda pikipiki kwenda Beni.

Dada yangu mkubwa, Kavuo, ninayemwita Yaya, ana uvimbe nyuma ya jicho. Kule Kampala walikuwa wakimtibu kwa mashine ya miale. Siku ya kumi na moja aliona mwanga wa bluu, naye amefumba macho. Alinipigia simu akilia. Nikamwambia, "Yaya, ni kifo inakuita. Kimbia!" Akatoroka hospitali, akarudi Beni. Daktari akatuonya: asiporudi kabla ya Ijumaa, uvimbe utakua tena.

Jana, kwenye masomo yetu ya jioni, nilimwuliza mwalimu wetu Phinées juu ya mwanga ule. Jibu lake lilininyima usingizi. Niliomba mpaka kulipokucha.

Nyumbani kwake Mulekera, hapo Beni, nilimkuta Kavuo amekwisha kuwagawia vitenge vyake akina mama wa chumba cha maombi, waliokuwa wamemzunguka. Alikuwa amejibakizia kimoja, cha kuzikiwa.

"Yaya, haikukuwa kifo, mwalimu amenielezea," nilisema. "Barabara ya Mutwanga, mvua ikinyesha, pikipiki inapita mutu wa miguu?"

"Wapi! Inakwama kwa matope. Mutu anaipita."

"Donc mwangaza ni ile pikipiki. Kwenye hakuna kitu, hakuna wa kuipita. Mais ndani ya maji inapunguza mwendo, na jicho yako ni maji. Tuchembe twa ile mashine tunaingia mbio, tunapita mwangaza, na maji inatoa ile bleu."

Mama Kanyere, kiongozi wa maombi, akapiga makofi. "Eh, docteur wa masomo ya mangaribi! Juzi ulisema kifo, leo matope. Kesho utasema nini?"

Wakacheka wote, ila Kavuo. Nikikosea mara ya pili, nitamzika dada yangu. Nikapiga magoti, nikakiri mbele yao kwamba woga wangu ndio uliomtorosha.

"Katungu, ile bleu, nitaiona tena?" Kavuo aliuliza.

"Utaiona, Yaya. Na mimi nitakuwa kwa mulango ya chumba ya mashine."

Alinishika mkono. Kisha akasimama, kucha zake zikinichoma mkononi.

"Mama Kanyere, unirudishie kitenge ya manjano, ya safari. Mbele ya Mungu na mbele yenu ninaahidi: kesho ninavuka mupaka ya Kasindi, ninarudi Kampala. Ile bleu ikuje, nitaogopa, mais sitatoka kwa ile meza ya mashine mpaka badaktari bamalize."